Jicho la Kushoto Kwanza

Darubini ya baba mdogo ilining'inia kwa miaka mingi kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, pale Kamunyonge, Musoma, ndani ya mkoba mweusi ambao zipu yake ilishakufa. Mgeni akija nyumbani, akishakunywa chai, mkoba ulishushwa. Mgeni aliishika, akapima uzito wake, akaielekeza dirishani, akasema, "Aisee, hii ni mashine." Kisha ilirudishwa msumarini. Sikumbuki hata mtu mmoja aliyewahi kusema ameona nini.

Baba mdogo alikuwa mpishi wa kambi za watalii upande wa magharibi wa Serengeti. Ndiye aliyewasha moto saa kumi alfajiri, ndiye aliyeoka mkate ndani ya sufuria lililofukiwa makaa, ndiye aliyebaki kambini magari yakienda kutazama wanyama. Mwisho wa safari moja, mzee mmoja wa Kizungu alivua darubini yake shingoni, akamvisha yeye, akamshika mkono kwa mikono miwili, akapanda gari. Ilikuwa zawadi ya kweli, iliyotoka moyoni. Ila mzee yule hakusema neno lolote juu ya namna ya kuitumia.

Baba mdogo aliijaribu jioni ya kwanza aliyorudi nyumbani, amesimama juu ya mawe ya ufukweni. Aliona miduara miwili isiyokutana, kivuli cheusi kikitembea pembeni, na ziwa lote limekuwa kama uji. Akazungusha gurudumu la katikati mpaka mwisho, kulia, kisha kushoto. Baada ya dakika chache kichwa kikaanza kumgonga. Uamuzi alioufikia siku hiyo aliurudia mbele yangu tangu niko shule ya msingi: "Mwanangu, kitu hiki kimetengenezwa kwa macho ya wenzetu. Macho yangu hakiyataki."

Niliamini hivyo mpaka nilipofika chuo. Rafiki yangu aliyekuwa akihesabu ndege wa majini aliniazima darubini yake, akanitazama nikikunja uso, akacheka. "Mbona unateseka? Hujaiweka sawa. Hiyo bado ina macho yangu."

Bado ina macho yangu. Nilikaa na maneno hayo muda mrefu. Mimi nasomea historia, na mtu wa historia akikuta kitu kinamshinda, huanza kwa kuuliza kilitoka wapi.

Neno lenyewe tulilipata kutoka Kiajemi: *dur* ni mbali, *bin* ni kuona. Kifaa kina safari yake. Mwaka 1608 mtengeneza miwani Hans Lipperhey, wa mji wa Middelburg nchini Uholanzi, aliomba hataza ya bomba la kuonea mbali. Wakuu wa nchi walilipenda, lakini wakamtaka atengeneze la kutazamia kwa macho mawili. Alilitengeneza. Hataza hakupewa, maana walijitokeza wengine waliodai nao wanakijua kifaa hicho. Kwa hiyo wazo la kuyapa macho yote mawili nafasi ni la zamani kama darubini yenyewe. Lililochukua karne nyingi ni kulitekeleza vizuri.

Shida ilikuwa hii. Bomba la aina aliyotumia Galileo huonyesha vitu vikiwa wima, lakini ukiongeza nguvu, eneo unaloliona linabana mpaka ni kama unachungulia kwenye tundu la ufunguo. Bomba la aina nyingine, lenye lenzi mbonyeo pande zote mbili, huonyesha eneo pana zaidi, ila dunia inageuka kichwa chini. Mwaka 1854 Mwitaliano Ignazio Porro alisajili njia ya kutoka hapo: ndani ya kifaa weka prizimu, yaani vipande vya kioo vya pembetatu, ambavyo huukunja mwanga huku na huku na kuigeuza picha ikasimama wima. Bomba refu likawa fupi. Wazo lilikuwa zuri, ila kioo cha wakati ule hakikuwa safi vya kutosha. Ilibidi kusubiri mpaka kampuni ya Carl Zeiss ya mji wa Jena, Ujerumani, ikiongozwa na mwanafizikia Ernst Abbe, ilipopata kioo bora kutoka kiwanda cha Otto Schott mjini humo humo. Mwaka 1894 darubini za prizimu za Zeiss zikaingia sokoni.

Tarehe hiyo ina uzito kwetu. Wakati huo Mara ilikuwa tayari, kwenye ramani za Ulaya, ndani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kifaa kilichoikuza dunia mara nane bila kuigeuza, kikatosha kuning'inia shingoni, kilizaliwa kikiwa mali ya taifa lililokuwa likitutawala. Ofisa wa Kijerumani aliyesimama kilimani na kutazama bonde hakuwa akitazama mandhari tu. Alikuwa akihesabu.

Miaka 20 baadaye vita vikaanza, na Waingereza wakagundua wana upungufu mkubwa. Sehemu kubwa ya kioo cha lenzi walichotumia kilikuwa kikitoka Ujerumani, kwa adui. Mwaka 1914 jemadari mzee, Lord Roberts, aliwaomba raia wa Uingereza waazime jeshi darubini zao za nyumbani, zile za kutazamia mbio za farasi na mchezo wa jukwaani. Dola iliyotawala bahari ilikuwa inabisha hodi ikiomba macho.

Vita hivyo vilifika mpaka kwenye ziwa letu. Reli ya Uganda ilikuwa na meli zake, kama *Winifred* na *Sybil*, zilizojengwa Uingereza, zikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu. Zilikuwa zikibeba pamba, ngozi na abiria. Sasa zikafungwa mizinga. Wajerumani waliokuwa Mwanza walikuwa na chombo kidogo kilichoitwa *Muansa*, nacho kikabeba mzinga. Septemba 1914, katika siku za mapigano ya Kisii, *Winifred* ilikwenda Karungu, kwenye pwani ya Kenya ya leo kaskazini mwa Shirati. Ikakutana na *Muansa*, ikaona imezidiwa, ikarudi nyuma.

Mtu aliyesimama ufukweni, macho yake yakiwa mita 2 hivi juu ya maji, huona upeo wa ziwa kilomita 5 mbele yake. Aliye juu ya daraja la meli, mita 9 hivi, huona karibu kilomita 11. Darubini haiongezi hata hatua moja hapo, kwa sababu haiwezi kupinda na mviringo wa dunia. Kinachoonekana kwanza ni moshi, kwa kuwa meli zile zilichoma kuni na moshi hupanda juu ya upeo. Kazi ya darubini ilianzia hapo: ule moshi ni wa rafiki au wa adui? Bomba moja au mawili? Mzinga upo au haupo? Picha ikiwa na ukungu, au vioo viwili vikiwa havikukaa sawa na macho ya mtazamaji, mtu aliamua maisha ya watu kwa kubahatisha.

Na kuna ambalo darubini haliwezi kabisa. Novemba 1914, *Sybil* iligonga mwamba karibu na Majita, kusini-magharibi mwa Musoma, ikakwama. Mabaharia wake waliiacha. Ilikaa pale miezi kadhaa mpaka Mei 1915, Waingereza waliporudi, wakaikwamua na kuivuta hadi Kisumu. Mwamba ulio chini ya maji hauonekani kwa lenzi yoyote ya mwaka ule. Huonekana kwa mtu aliyewahi kupoteza wavu pale, au ambaye babu yake alimwambia, "Hapa usipite na mtumbwi uliosheheni."

Simulizi za vita vya ziwani nilizozisoma zimeandikwa kutoka juu ya meli. Zinataja saa, upepo, aina ya mizinga. Pwani ya Majita imo ndani yake kama mstari wa kijani uliopita mbele ya kioo. Sijakutana na neno hata moja la watu waliokuwa ufukweni, ambao kwa miezi kadhaa walilala na kuamka na meli nzima mbele ya macho yao, karibu kuliko darubini yoyote ingeweza kuisogeza. Sisemi walioandika walidanganya. Nasema waliazimwa jicho moja wakadhani yako mawili.

Ofisa akitazama, kulikuwa na mtu mwingine aliyembebea. Vita vile katika Afrika Mashariki vilitembea kwa vichwa na mabega ya wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam imebeba jina lao, kutokana na *Carrier Corps*. Sanduku lenye darubini lilikuwa mojawapo ya mizigo hiyo. Aliyelibeba hakuwa na sababu ya kuonyeshwa gurudumu linazungushwa vipi.

Hata aliyejua kuitumia hakusalimika. Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza, alikuwepo Juni 1915 Waingereza walipovuka ziwa na kuishambulia Bukoba. Tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65, aliuawa kwa risasi huko Beho Beho, karibu na Rufiji. Simulizi inayorudiwa mara nyingi inasema alikuwa ameinua darubini akimtafuta adui. Ukiiweka darubini machoni unaona mbali, lakini unaacha kuona kilicho pembeni yako. Pori lililopewa jina lake lilikaa hivyo miongo mingi, mpaka mwaka 2019 sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mtoto wa Butiama, mwendo mfupi kwa gari kutoka nyumbani kwetu, akachukua nafasi ya mwindaji kwenye ramani.

Baada ya vita, darubini ilibadili kazi ila haikubadili mikono. Ilikuwa ya mwindaji, kisha ya bwana nyama. Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mipaka yake ilipochorwa upya mwaka 1959, ikawa ya mtafiti, na baadaye ya mtalii. Waikoma, Wanata, Waisenye na majirani zao waliokuwa wakiishi na wanyama hao walizidi kutazamwa, na waliendelea kutazama kwa macho matupu: tai wanazunguka wapi, swala wamesimamisha masikio kuelekea upande gani. Baba mdogo ni mrithi wa mstari huo. Miaka yote alikaa mita chache kutoka kwenye darubini za bei ya ng'ombe kadhaa, akachemsha maji ya kuoga ya wenye nazo, na siku moja ikamwangukia shingoni. Hakuna aliyemkatalia maarifa. Haikumjia mtu yeyote akilini tu kwamba naye angetaka kuona.

Likizo ya Desemba nilikwenda Kamunyonge. Baada ya shikamoo na chakula nikasema, "Baba, naomba ile darubini twende ziwani." Akacheka. "Unataka kuumwa kichwa?"

Tulikaa juu ya jiwe, mnandi wakianika mabawa mbele yetu. Nilimwambia nilichofundishwa, na nakiandika hapa kwa mpangilio uleule, kwa sababu huenda na wewe unayo moja inaning'inia mahali.

Kwanza, vikombe vya mpira vinavyokaa machoni. Asiyevaa miwani huvitoa nje. Anayevaa huvikunja au huvirudisha ndani, ili jicho likae umbali unaofaa na lione duara zima. Yule mzee Mzungu alivaa miwani, vikombe vilikuwa vimekunjwa, na baba mdogo hakuwahi kuvikunjua. Kile kivuli cheusi kilichokuwa kikitembea kilitokea hapo.

Pili, bawaba. Darubini hukunjuka katikati kama kitabu. Umbali kati ya mboni mbili hutofautiana baina ya mtu na mtu, kwa watu wazima wengi kati ya milimita 55 na 72 hivi. Unaifungua na kuibana taratibu mpaka miduara miwili iwe mmoja. Aliifungua, akaibana, akaifungua tena. Ghafla akanyamaza. "Imekuwa moja," alisema.

Tatu, jicho la kushoto kwanza. Unafunika kioo cha mbele cha upande wa kulia kwa kiganja, bila kufumba jicho, maana ukilifumba unaukaza uso na picha inakudanganya. Unachagua kitu kisichotembea. Unazungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione wazi. Tulichagua nguzo ya umeme. Akazungusha. "Naona waya," akasema. Kisha, "Naona ndege juu ya waya!" Alikuwa na miaka zaidi ya 60 na alipiga kelele kama mtoto.

Nne, jicho la kulia. Sasa unafunika upande wa kushoto, na bila kuligusa tena gurudumu la katikati unazungusha pete ndogo iliyo kwenye kioo cha jicho la kulia. Pete hiyo ipo kwa sababu macho mawili ya mtu mmoja ni nadra kulingana nguvu. Ukishaiweka, huiachi tena. Kuanzia hapo gurudumu la katikati pekee linatosha kwa karibu na mbali.

Akazungusha pete. Akaizungusha mpaka mwisho. Akairudisha mpaka mwisho mwingine.

"Vipi?"

"Ukungu."

Nilidhani kioo kina vumbi. Nikakifuta kwa kitambaa laini. Nikatazama mwenyewe, nikaona ile nguzo vizuri. Nikampa tena. Akazungusha polepole, nywele kwa nywele, na mara hii sikumharakisha. "Ukungu," alirudia, "kama nimetundikiwa pazia."

Waswahili husema macho hayana pazia. La kwake la kulia lilikuwa nalo. Tulipofika hospitali, daktari alimmulika kwa dakika moja na kusema ni mtoto wa jicho, na kwamba limekomaa. Njiani kurudi nyumbani mambo yakaanza kujipanga kichwani mwangu: chai anayomimina nje ya kikombe, ngazi aliyoikosa siku ya msiba wa jirani, nyavu alizoacha kushona akisema vidole vimechoka. Jicho zuri lilikuwa limelibeba baya, kimyakimya, kwa miaka. Na siku zote kulikuwa na kipimo kinaning'inia nyuma ya mlango wake, naye alikuwa ameshajijibu kwamba kilitengenezwa kwa watu wengine.

Hilo ndilo linaloniuma katika historia hii yote. Mtu akikabidhiwa chombo kilichowekwa kwa macho ya mwingine, na asiambiwe kuwa kinarekebishika, hatakilaumu chombo. Atajilaumu yeye. Nimeliona jambo hilo darasani, kwa mwanafunzi anayefungua kitabu kilichoandikwa kutoka juu ya meli na kufikiri ni mjinga kwa kuwa haioni pwani yake humo. Na kosa la pili hufichwa na la kwanza: kwa sababu hatukuwahi kukirekebisha chombo, hatukujua pia ni wapi macho yetu wenyewe yanaumwa kweli.

Alifanyiwa upasuaji. Lenzi iliyofifia ilitolewa, ikawekwa ya bandia. Wiki kadhaa baadaye, daktari alipomruhusu, tulikwenda Mwigobero kinakopakia kivuko cha kwenda Kinesi. Aliikunjua darubini mwenyewe, akavitoa vikombe, akaibana bawaba. Kushoto kwanza. Kisha kulia. Safari hii pete ilisimama karibu na katikati.

Kivuko kilikuwa kimefika kama kilomita 2 kutoka tulipokaa. Kwa darubini inayokuza mara 8, hiyo ni sawa na kukitazama kutoka mita 250. Alikifuata kimya kimya.

"Kuna mama ana mwavuli," alisema mwishowe. "Wa bluu. Anamfunika mtoto."

Jioni ile alichukua brashi, akaweka tone dogo la rangi nyeupe kwenye pete ya kulia, pale jicho lake linaposimama. Darubini bado inakaa kwenye msumari uleule, na wageni bado wanaonyeshwa. Ila sasa kabla hajamkabidhi mtu humwambia, "Kunjua kwanza. Hapo ina macho yangu." Kisha husimama pembeni, akingoja mgeni aseme ameona nini.